Kambi ya Mahema Juu ya Mlima Mitchell, na Sababu za Amri Zake

Katika nchi ya Marekani iko desturi moja ambayo huenda wasomaji wetu wakaiona kuwa ni ya ajabu. Mtu mwenye nyumba njema mjini, yenye vitanda na taa na jiko, huifunga nyumba yake kwa siku mbili tatu, akachukua hema na sufuria, akaenda pamoja na mkewe na watoto kulala mlimani chini ya miti. Hakutumwa na mtu, wala hawindi, wala hachomi mkaa. Na juu ya hayo yote hulipa fedha ili apewe ruhusa ya kulala chini. Wazee wetu, waliolala porini kwa sababu ya mizigo na safari, wangalicheka sana. Lakini desturi hiyo ina maana yake, na mahali inapofanyika pana amri nyingi ndogo ndogo, ambazo mgeni huweza kuzidharau kwa kuwa hajui zilitoka wapi. Basi twapenda kueleza amri hizo na sababu zake, kwa mfano wa kambi moja ndogo iliyo juu ya Mlima Mitchell, katika jimbo la North Carolina.

Kwanza yafaa kujua mambo ya utawala. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina serikali yake mbali na serikali kuu. Serikali kuu ina hifadhi zake kubwa zilizo mashuhuri ulimwenguni. Nayo majimbo yana hifadhi zao, ambazo nyingi ni ndogo, na watu wa karibu ndio wazitumiao zaidi. Mlima Mitchell una kimo cha futi 6,684, wala hakuna mlima uupitao katika sehemu yote ya Marekani iliyo mashariki ya mto Mississippi. Umo katika safu iitwayo Milima Myeusi, na jina hilo latokana na miti yake yenye majani ya kijani kizito ambayo kwa mbali huonekana kama kivuli. Mwanzoni mwa karne ya 20 makampuni ya mbao yalijenga reli mpaka juu, yakaanza kuikata miti ile kwa upesi mno. Gavana wa jimbo wakati ule, Locke Craig, alisikitika kuona mlima unavyovuliwa nguo, na mwaka 1915 baraza la kutunga sheria la jimbo likapitisha sheria ya kununua kilele chake. Hiyo ndiyo iliyokuwa hifadhi ya kwanza ya jimbo la North Carolina.

Kambi yenyewe ni ndogo sana. Ilipangwa kuwa na nafasi 9 tu za mahema, chini kidogo ya kilele. Kila nafasi ina meza ya mbao na mahali pa moto, na choo kiko karibu, lakini hapana maji ya moto ya kuogea wala umeme wa kutumia hemani. Gari huachwa penye kituo, na mizigo huchukuliwa kwa mikono. Kwa desturi kambi hufunguliwa mwezi wa Mei na kufungwa mwisho wa Oktoba, maana wakati wa baridi theluji huifunga hata barabara ya kupandia. Mtu huomba nafasi mbele, hulipa, hupewa siku zake. Wala hawezi kukaa zaidi ya siku 14 katika muda wa siku 30, ili kambi isigeuke kuwa kijiji.

Sasa tuje kwenye baridi, maana ndiyo iliyo adui wa kwanza. Wasomaji wetu wakaao milimani wanajua ya kuwa mtu akipanda, joto hupungua. Kwa kadiri ya kawaida, kila futi 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi 3 na nusu hivi kwa kipimo cha Farenhaiti. Mji wa Asheville, ambao wageni wengi hupitia, uko chini ya kilele kwa futi 4,500 hivi. Kwa hiyo mtu aliyetoka mjini mchana akitoka jasho, hukuta kambini hewa iliyopungua nyuzi 15 au zaidi, na upepo, na ukungu ulowanishao nguo kama mvua. Mwezi wa Januari mwaka 1985 kilipimwa juu ya mlima huu kipimo cha nyuzi 34 chini ya sifuri, nacho ndicho cha baridi kupita vyote vilivyoandikwa katika jimbo hilo. Hiyo ilikuwa siku ya theluji, na hapana mtu aendaye na hema siku kama hiyo. Lakini hatari kubwa haiko hapo. Hatari iko siku za kiangazi, kwa sababu mgeni haitazamii.

Watu wengi hudhani kwamba mwanadamu hafi kwa baridi mpaka maji yagande. Sivyo. Mtu aliyelowa na mvua, akapigwa na upepo, huweza kupoteza joto la mwili wake hata akafa, ingawa pale pale nyasi ni kijani na maua yamechanua. Nguo ya pamba ikilowa hushika maji, nayo maji hunyang'anya mwili joto. Nguo ya sufu hata ikilowa huhifadhi joto kiasi. Ndiyo sababu walinzi wa hifadhi huwaambia wageni wachukue sufu na koti la mvua hata kama jua linawaka. Dalili zake ni hizi: mtu hutetemeka, vidole vyake hushindwa kufunga kifungo, maneno yake huwa mazito kama ya mlevi, kisha hunyamaza na kutaka kulala. Akifika kuacha kutetemeka, hali amepoa bado, hiyo si nafuu bali ni kuzidiwa. Aondolewe nguo zilizolowa, afunikwe blanketi kavu, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa aweza kumeza. Asipewe pombe kabisa. Pombe humfanya ajione ana joto, kumbe joto linatoka ndani na kupotea katika ngozi.

Tena hema lenyewe lina elimu yake. Mtu asiyejua hulisimamisha bondeni, mahali palipo tambarare na pazuri kwa macho, naye usiku huamka ndani ya maji, au hukuta baridi yote ya mlima imeteremka kumkalia, maana hewa ya baridi ni nzito na hushuka kama maji. Mambo ya hema yapigwe yakilala kinyume cha kamba, na turubai la chini lisitokeze nje ya kuta za hema, kwani likitokeza hukinga mvua na kuipeleka chini ya aliyelala.

Amri ya kutokwenda peke yako njia za mlimani ina kaburi lake, nalo liko pale pale kileleni. Elisha Mitchell alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha North Carolina na tena mhubiri. Mwaka 1835 alipanda akiwa na vyombo vya kupimia uzito wa hewa, akatambua kwamba milima hii yaupita Mlima Washington wa New Hampshire, ambao watu waliudhani kuwa mrefu kupita yote ya mashariki. Baadaye mwanasiasa mmoja, Thomas Clingman, akadai kwamba kilele alichokipima Mitchell sicho kilicho kirefu kabisa. Mzee Mitchell, akiwa na umri wa miaka 63, akarudi mwaka 1857 ili apime tena. Tarehe 27 Juni aliwaacha wenzake akashuka peke yake upande wa pili wa mlima. Usiku ukamkuta njiani, akaanguka penye maporomoko ya maji, akafia katika dimbwi lililo chini yake. Watu walimtafuta siku nyingi. Aliyefuata nyayo zake mpaka akamwona alikuwa mwindaji wa dubu wa milima hiyo, Thomas Wilson, ambaye watu walimwita Tom Mkubwa. Mwaka 1858 maiti yake ilipandishwa mpaka kileleni ikazikwa huko, na mlima ukachukua jina lake. Alikuwa mtu aliyeujua mlima kuliko wageni wote wa siku zetu.

Tumetaja dubu. Huyu ni mnyama asiyepatikana katika nchi zetu. Dubu mweusi wa Marekani ana manyoya mazito, hupanda miti, hula matunda na mizizi na wadudu na mizoga, na dume mkubwa huweza kupita ratili 400. Kwa desturi humwogopa mtu na kumkimbia. Lakini pua yake ni kali ajabu, naye husahau hofu upesi akiisha kuonja chakula cha watu. Kwa hiyo katika kambi amri ni kali: chakula chote kifungwe ndani ya gari, au katika sanduku la chuma lililowekwa kwa kazi hiyo, na kisiingie hemani hata kipande cha mkate. Hata sabuni, hata dawa ya meno, hata sufuria isiyooshwa, zote ni chakula kwa pua ya dubu. Mgeni mwingine huona amri hii ni usumbufu, akasema, mimi nalala usiku mmoja tu. Lakini dubu halali usiku mmoja. Aliyekula mkate wa mgeni huyo leo atarudi kesho kwa mgeni mwingine mwenye watoto, naye atakuja bila hofu. Mwisho wake mara nyingi maofisa wa wanyama hulazimika kumpiga risasi. Twaona ni haki kusema kwamba katika kesi hiyo aliyeua si ofisa.

Mtu akikutana na dubu mweusi njiani asikimbie, kwa kuwa dubu humshinda mbio. Na asimame, ajionyeshe mkubwa, aseme kwa sauti, arudi nyuma polepole huku akimtazama. Ikiwa dubu amemrukia kweli, na apigane naye kwa fimbo na mawe. Asijilaze kama maiti.

Amri nyingine ambayo wageni huishangaa ni ya kuni. Huambiwa wasilete kuni kutoka kwao, bali wanunue karibu na kambi, au walete zile zilizokaushwa kwa moto kiwandani na kutiwa alama. Mtu atasema, je, kuni si kuni? Ajibiwe hivi. Mwaka 2002 katika jimbo la Michigan alionekana mdudu wa kijani king'aacho kama zumaridi, asili yake Asia, ambaye watoto wake hula chini ya gome la miti iitwayo eshi. Kwa kuruka mwenyewe hawezi kufika mbali sana kwa mwaka. Lakini ndani ya kuni husafiri kwa gari maili mamia kwa siku moja. Ilipofika 2013 alikuwa ameonekana North Carolina, na sasa miti isiyohesabika imekufa katika majimbo mengi.

Na katika Mlima Mitchell mgeni hahitaji kuambiwa habari za mbali, kwa kuwa akiinua macho tu huona miti mikavu meupe imesimama kama mifupa. Hiyo ni miti ya jamii ya misonobari iitwayo Fraser, ambayo kwa asili humea katika vilele vya milima ya upande huo tu. (Ndiyo ile ipandwayo mashambani na kuuzwa sana kwa sikukuu ya Krismasi.) Mwaka 1957 alionekana mlimani hapo mdudu mdogo kuliko kichwa cha pini, ajifunikaye kwa nta nyeupe kama pamba. Hakuja katika kuni, bali aliletwa Amerika kutoka Ulaya zamani, kisha upepo ukamchukua toka mti hata mti. Hufyonza gome mpaka mti unashindwa kupandisha maji. Miche mingi imechipua tena, lakini hakuna awezaye kusema kama itafika uzee. Mlima uliookolewa na shoka mwaka 1915 ulikuja kuliwa na kitu ambacho mtu hawezi kukiona vizuri bila kioo cha kukuzia.

Mambo mengine twayapita kwa haraka. Tangu saa nne usiku watu wanyamaze, na lango hufungwa. Mbwa afungwe kamba. Maua na mawe yaachwe yalipo.

Mwezi wa Septemba mwaka 2024 tufani iitwayo Helene iliipiga milima hii. Mahali paitwapo Busick, karibu na mlima huo, mvua iliyopimwa ilipita inchi 30, na katika jimbo zima watu zaidi ya 100 walikufa. Barabara ya milimani iendayo hifadhini ilibomoka mahali pengi, na hifadhi ikafungwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo atakaye kwenda na aulize kwanza kwa serikali ya jimbo ni njia ipi iliyo wazi, na kama nafasi za mahema zinatolewa.

Naye aliyelala, siku ya kuondoka asiuache moto kwa kuutazama tu. Amwagie maji, akoroge majivu kwa kijiti, amwagie tena, kisha akaribishe mgongo wa mkono juu ya majivu. Akisikia joto bado, aongeze maji.