Njia za Kukoma kwa Ajira na Haki Zifuatazo

Karani wa mizani, mtunza ghala au mlinzi akiondoka chamani, mara nyingi husemwa tu kwamba "ameacha kazi". Maneno hayo hufunika mambo yasiyofanana. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huyatenganisha, na kila njia ina haki zake.

Kwanza, mkataba wa muda hukoma siku yake ikitimia. Lakini mtumishi aliyepewa sababu ya haki ya kutumaini kuongezewa muda, kisha akanyimwa, huweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa.

Pili, mtumishi huweza kujiuzulu kwa kutoa taarifa ya maandishi. Alipwaye kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza wa kazi, hutoa taarifa isiyopungua siku 28, na mwajiri naye hufungwa na muda uo huo. Aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri amemfanyia kazi isivumilike, sheria humwona kuwa ameachishwa.

Tatu, chama chaweza kupunguza watumishi kwa mahitaji ya uendeshaji. Hapo hapana budi kutoa taarifa na kushauriana nao kabla ya uamuzi.

Nne ni kuachishwa kwa sababu ya mwenendo au uwezo, na hapa ndipo vyama hujikwaa. Tuseme magunia yamepungua ghalani, na bodi kwa hasira ikamfukuza mtunza ghala jioni ile ile. Hata kama kosa ni lake, chama chaweza kushindwa kwa kukiuka utaratibu. Yapasa aelezwe tuhuma, apewe nafasi ya kujitayarisha, kwa kawaida isiyopungua saa 48, na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Asiporidhika, ana siku 30 za kupeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mwajiri akimwachisha mtumishi aliyetimiza miezi 12 mfululizo, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Wa miaka 6 hupata siku 42. Wa miaka 15 hupata siku 70. Aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu hakipati, ila mshahara wa siku alizofanya kazi na cheti cha utumishi ni haki yake.

Basi katibu na aandike katika kumbukumbu za kikao njia iliyotumika na sababu zake, kabla barua haijatoka. Kosa la utaratibu hulipwa kwa fedha za wanachama.