Kibali cha Ujenzi Pembezoni mwa Dar es Salaam

Tanzania Bara, masharti ya ujenzi mijini hutokana na sheria za Bunge, ikiwamo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, lakini usimamizi wake umekabidhiwa halmashauri, kama za Kinondoni na Temeke, ambazo hutoa kibali cha ujenzi, yaani idhini ya maandishi inayopatikana baada ya wataalamu wa mipango miji, afya na uhandisi kukagua ramani. Asiyekuwa nacho huweza kukuta ukutani alama ya X nyekundu, ishara kwamba nyumba yake yaweza kubomolewa.

Ugumu ni kwamba kibali hudai uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, ilhali sehemu kubwa ya Mbagala na Tandale ilijengwa kabla ya kupimwa, hivyo fundi na mwenye nyumba huamua wenyewe kina cha msingi na unene wa nondo. Hata katikati ya jiji usimamizi umelegalega: ghorofa lililoporomoka Machi 2013 liliua zaidi ya watu 30, na jingine likaanguka Kariakoo Novemba 2024. Ukaguzi wa msingi kabla ya zege kumwagwa huokoa maisha kuliko X inayochorwa baada ya kupaua; halmashauri ziwapeleke wakaguzi mapema.