Bweha Akikosa Hofu, Usimkaribie

Sisi wa Munisagara na vijiji vingine vya bonde la Mkondoa tumezoea kuishi jirani na wanyama. Nyani huingia kwenye mahindi, bweha hulia usiku, na wilaya yetu ya Kilosa imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Wanyama hao wakimwona mtu, kawaida yao ni kukimbia.

Lakini hutokea bweha akaja mchana kweupe hadi uani, akasimama, wala asishtuke akifukuzwa. Watu husema, "Huyu ameshazoea watu", na watoto wakasogea kumtazama. Hapo ndipo penye hatari. Ili tuelewe kwa nini, tuanze na hofu yenyewe inavyofanya kazi.

Hofu inakaa wapi?

Ndani ya ubongo, usawa wa panja la kulia na la kushoto, kuna vijisehemu viwili vyenye umbo la lozi. Wataalamu huviita amigdala. Mwanadamu anavyo, na mbwa, paka, panya na swala wanavyo pia. Kazi yake kubwa ni kupima hatari.

Jani likitikisika porini, habari hufika kwenye amigdala kwa njia mbili. Moja ni ya mkato, ya haraka sana, isiyongoja uhakika. Nyingine hupitia kwanza sehemu ya juu ya ubongo, inayochunguza kama ni nyoka kweli au ni upepo tu. Ndiyo maana mtu huruka kwanza, kisha akagundua kuwa alichokiona ni kamba.

Amigdala ikishapiga king'ora, amri hushuka kwenye haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, damu hukimbilia misulini na mboni za macho hupanuka. Amri nyingine huenda kwenye ubongo wa kati, ambako mwili huelekezwa cha kufanya: kuganda, kukimbia au kupigana.

Umbali wa adui una uzito mkubwa katika jambo hili. Swala akimwona simba yuko mbali, husimama kimya akimkodolea macho. Simba akikaribia, swala hutimua mbio. Hata paka mpole wa nyumbani, ukimbana pembeni akakosa njia, atakurarua.

Hofu pia hujifunza. Mbwa aliyepigwa mawe humkwepa anayeinama, hata kama anaokota kalamu. Na nyani wakishaona siku nyingi kuwa sanamu la shambani halina madhara, sehemu ya mbele ya ubongo huituliza amigdala, wakaja kula mahindi bila wasiwasi.

Mfumo huu ukiharibika, mambo hugeuka. Huko Chicago, Marekani, katika miaka ya 1930, Heinrich Klüver na Paul Bucy waliwapasua nyani na kuondoa sehemu za pembeni za ubongo ambamo amigdala imo. Nyani waliokuwa wakali na waoga wakawa wapole, wakaviendea hata vitu vilivyokuwa vikiwatisha, kama nyoka. Wataalamu wa Marekani wamemchunguza kwa miaka mingi pia mwanamke mmoja ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa. Yeye alishika nyoka bila woga wowote.

Kichaa cha mbwa kinavyoshika ubongo

Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kupitia mate, mnyama anapong'ata au anapolamba jeraha. Havisafiri kwa damu. Hutambaa ndani ya mishipa ya fahamu, kutoka palipong'atwa hadi kwenye ubongo. Vikifika huko huvuruga sehemu zinazoendesha woga na ukali, kisha hushuka kwenye tezi za mate, tayari kumpata mwingine.

Matokeo yake ni kwamba bweha hupoteza woga wake. Mbwa mpole hung'ata bila kuchokozwa, na mwingine hupooza akajificha gizani. Hata paka na ng'ombe huugua. Katika uchunguzi uliofanywa mikoa ya Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019, bweha walikuwa karibu asilimia 40 ya wanyama waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huu. Hata hivyo, mbwa ndiye anayeueneza zaidi, na ndiye anayewaletea watu vifo vingi. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kuwa Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka.

Ukiumwa, fanya hivi

Kwa kuwa virusi husafiri polepole, muda wa kuokoa maisha upo. Kwa kawaida dalili kwa binadamu hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa huweza kuja baada ya wiki moja au kuchelewa hadi mwaka.

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Usilifunge kwa nguvu, wala usilipake dawa za majani au mafuta ya taa. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama zahanati haina chanjo, safari ya Kilosa mjini isingoje kesho. Ukianza sindano, zimalize zote.

Jambo moja linatuhusu sisi Waislamu. Madrasa tulifundishwa kuwa chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara ya chombo. Usitie udongo kwenye jeraha, kwani unaweza kuleta pepopunda. Tanguliza sabuni na maji, kisha masuala ya tohara muulize sheikh wako. Vilevile paka si najisi, lakini akikung'ata, jeraha lake lioshwe vivyo hivyo.

Mgonjwa anayeogopa maji

Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu daima huua. Mgonjwa akijaribu kunywa maji, koo hukakamaa kwa maumivu makali, hata akaingiwa na hofu kwa kuyaona tu. Akili yake huweza kuwa timamu katikati ya mashambulizi hayo, naye akajua kinachompata. Familia nyingi hudhani ni jini. Kumsomea dua ni jambo jema, lakini asomewe akiwa hospitali, ambako atapunguziwa mateso na wanaomuuguza watakingwa na mate yake.

Ndugu msomaji, mbwa wa kulinda mifugo na shamba achanjwe kila mwaka. Watoto waambiwe wasimsogelee mnyama wa porini aliyekosa woga, na wasifiche wakiumwa kwa kuogopa kuchapwa. Mtoto akisema, "Mbwa ameniuma", usianze kumgombeza. Mshike mkono, mpeleke kwenye maji na sabuni. Allah atuhifadhi sote.