Kuvu Dhidi ya Kuvu

Hapa Kachibora, Kenya, mahindi ndiyo unga na ndiyo karo, kwa hiyo sumukuvu inayoyaingia hunikosesha usingizi. Hutolewa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sumu yenyewe haionekani, wala haitoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, ugonjwa wake uliua watu 125.

Kinga imetoka kwa kuvu hiyohiyo. Watafiti walipata katika udongo wa Kenya jamaa zake zisizotoa sumu, wakazipaka kwenye punje za mtama zilizopashwa moto zisiote. Ndiyo Aflasafe KE01, ambayo shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, huitengeneza Katumani, Machakos. Unarusha kilo 4 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu, wiki 2 au 3 kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu njema humea juu ya mtama, ikasambaa na kuwahi nafasi ambayo ile mbaya ingeishika.

Lakini Aflasafe haikaushi mahindi, na yenye unyevu huota kuvu. Huku mvua hutukuta tukivuna. Basi jirani, tandaza turubai, usianike kwenye udongo, na usifunge gunia kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5.