Ritani ya Mjomba Haimfai Mwanafunzi

Kijana wa Garissa anayekwenda kusoma Marekani kwa viza ya F-1 mara nyingi ana jamaa Minneapolis. Jamaa huyo huenda alitoka kambi ya Ifo au Hagadera kama mkimbizi, akapewa makao huko, na kila mwaka hujaza Fomu 1040 ya wakaazi. Msimu wa kodi ukiwadia, humpeleka mwanafunzi kwa mtu yule yule anayemjazia yeye. Nia njema, fomu siyo. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, mwenye F-1 si mkaazi kwa miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Fomu zake ni 1040-NR na 8843. Aliyefika Agosti 2021 alibaki hivyo hadi mwisho wa 2025, kwa kuwa miezi ile michache ya mwanzo nayo ni mwaka.

Hasara yenyewe ni kiasi gani? Tuseme mwanafunzi alilipwa dola 9,000 mwaka 2024. Akijaza kama mkaazi, anapata punguzo la kawaida la dola 14,600, kodi inakuwa sufuri na makato yote ya kodi ya mapato yanarudishwa. Akijaza inavyostahili, punguzo hilo hana. Mwanafunzi wa India analipata kwa mkataba wa nchi yake na Marekani. Kenya haina mkataba huo. Kwa hiyo kodi ya kijana wetu ni asilimia 10, yaani dola 900, zaidi ya shilingi laki moja. Na kama fundi wa mtaani alimwombea pia nafuu ya kodi kwa ajili ya karo, ambayo hurudisha hadi dola 1,000 taslimu, nazo zarudi, pamoja na riba. Mwaka 2025 riba ilikuwa asilimia 7. Anayejirekebisha mwenyewe huishia hapo. Anayengoja IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, imgundue anaweza kuongezewa adhabu ya asilimia 20.

Marekebisho hufanywa kwa Fomu 1040-X, ikiambatishwa 1040-NR sahihi. Aliyezoea kurekebisha ritani ya KRA bure kwenye iTax ajiandae kwa karatasi na stempu. Njia ya bei nafuu kabisa ni kujaza mwenyewe, na kwa mwenye kazi moja tu si kazi ngumu. Programu za wanafunzi wa kigeni, kama Sprintax, hupunguza makosa, lakini uliza kwanza: msimbo wa bure unaotolewa na chuo kwa kawaida hulipia ritani ya kwanza, si marekebisho. Vituo vya msaada vya VITA havitozi kitu, ila si vyote vinavyopokea wasio wakaazi. Mhasibu anaweza kudai dola mia kadhaa. Kwa deni la dola 900 naona ni ghali, isipokuwa makosa ni ya miaka mingi au unajiandaa kuomba ukaazi wa kudumu.

Aliyekwisha rudi Garissa ana gharama ya ziada: kusafirisha barua, na kulipa deni bila akaunti ya benki ya Marekani. Kadi hukatwa ada. Afadhali kumtumia jamaa fedha, naye alipe kutoka akaunti yake kwa jina na nambari yako.

Lipo pia la kufurahia. Asiye mkaazi mwenye F-1 hakatwi michango ya Social Security na Medicare, asilimia 7.65 ya mshahara, kwa kazi aliyoruhusiwa kufanya. Kama ulikatwa ukiwa kwenye OPT, yaani kibali cha kazi ya mafunzo, mdai mwajiri kwanza. Akikataa, tuma Fomu 843 na 8316. Kwa mwenye mshahara wa dola 20,000 hizo ni dola 1,530, zinazoweza kufuta sehemu kubwa ya deni. Dai hilo kwa kawaida hufungwa baada ya miaka mitatu.

Kabla ya kumlipa yeyote, muulize kama amewahi kujaza 1040-NR. Akisitasita, chukua karatasi zako uondoke.