Kutiwa stenti moyoni si mwisho wa matibabu

MGONJWA aliyetiwa stenti moyoni huweza kurudi nyumbani baada ya siku chache, maumivu ya kifua yakiwa yametulia. Wengi hudhani kwamba matibabu yamekoma hapo. Kumbe kwa mshipa wenyewe, kazi ndiyo kwanza imeanza.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachopitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye mishipa inayoulisha moyo. Puto dogo hukitanua, nacho hubaki hapo kuzuia mshipa uliozibwa na mafuta usijifunge tena. Stenti za kwanza zilitiwa binadamu mnamo 1986 na madaktari Jacques Puel wa Toulouse, Ufaransa, na Ulrich Sigwart wa Lausanne, Uswisi.

Kutanuliwa huko huujeruhi mshipa. Utando laini wa ndani huchubuka, na chembe zinazogandisha damu huanza kujikusanya juu ya chuma. Ndiposa wiki za kwanza huwa na hatari kubwa ya damu kuganda ghafla na kuleta mshtuko wa moyo.

Baadaye mshipa huanza kupona. Chembe za misuli ya ukuta wake huongezeka na kuufunika wavu, kisha utando mpya huota juu yake. Tabaka hilo likiwa jembamba, ni heri, kwani damu haigusani tena na chuma. Likizidi unene, huwa kovu linaloziba njia upya. Kwa stenti za chuma kitupu, hali hiyo iliwapata takriban wagonjwa 20 hadi 30 katika kila 100, aghalabu katika mwaka wa kwanza.

Ili kuizuia, zilibuniwa stenti zilizopakwa dawa ya kupunguza ukuaji wa chembe. Ziliidhinishwa Ulaya mnamo 2002 na Marekani mnamo 2003. Makovu yalipungua sana. Hata hivyo, dawa hiyo ilichelewesha pia kuota kwa utando mpya, na kufikia 2006 kulikuwa na wasiwasi kuhusu visa vya damu kuganda zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Stenti za sasa zina nyaya nyembamba zaidi na zimepunguza hatari hiyo, ingawa haijatoweka.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa hupewa aspirini pamoja na dawa nyingine kama klopidogreli, kwa kawaida kwa miezi sita, au mwaka mmoja iwapo alipatwa na mshtuko wa moyo. Daktari huweza kubadilisha muda huo kulingana na hali yake. Kuziacha kwa kuwa unajihisi mzima, au kwa kuwa unakwenda kung'olewa jino, bila kumwuliza daktari wa moyo, ni kujitia hatarini.

Aidha, miaka ikipita, mafuta huweza kujijenga hata ndani ya utando mpya. Stenti hufungua mahali pamoja tu. Mishipa iliyosalia hulindwa kwa kuacha sigara, kudhibiti shinikizo la damu na sukari, na kutumia dawa za kupunguza mafuta kama ilivyoagizwa.