Nyota Inayomeza Rangi ya Mwali wa Gesi

Ukiwasha jiko la gesi nyumbani Manyatta, Kisumu, tazama chini ya mwali, pale penye buluu inayoelekea kijani. Sehemu ya rangi hiyo inatoka kwa molekuli iitwayo C2: atomi 2 za kaboni zilizoshikana. Ndani ya mwali haidumu. Inazaliwa na kuungua papo hapo. Lakini ziko nyota ambazo angahewa yao imejaa C2, na huko hufanya kinyume. Hunyonya rangi zile zile inazotoa jikoni, na nyota ikabaki nyekundu.

Molekuli haipokei mwanga wowote ule, bali nishati za viwango maalumu tu. Atomi moja huacha mistari myembamba ya giza katika rangi za nyota. Molekuli hutetema na kuzunguka pia, hivyo mistari yake ni mingi na imesongamana hadi kuwa mkanda. Mkanda mashuhuri wa C2 uko kwenye kijani, karibu na nanomita 516. William Swan wa Scotland aliandika kuhusu mikanda hii mwaka 1857 baada ya kuchunguza miali ya moto. Mwaka 1868 padri Angelo Secchi, akiwa Rome, alizitenga nyota za namna hii katika kundi lao.

Kwa nini si nyota zote zilizo hivi? Kaboni na oksijeni hupendana mno: zikikutana kwenye gesi iliyopoa kiasi, huungana kuwa kaboni monoksaidi. Katika nyota nyingi oksijeni ndiyo inayobaki. Nyota ikizeeka, kaboni iliyoundwa kwa heliamu ndani kabisa huweza kupanda juu hadi ikaizidi oksijeni. Ziada hiyo ndiyo inayounda C2, sianojeni, hata asetilini, gesi ile ile ya mafundi wetu wa kuchomelea vyuma. Masizi ya nyota hizo hupeperukia angani, na naamini hili linastahili kufundishwa kila shule: sehemu ya kaboni iliyomo ndani ya samaki mbuta na ndani yetu ilitoka kwenye nyota kama hizi.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mojawapo ya nyota hizi, TX Piscium, hupita karibu utosini. Katikati ya Novemba, yapata saa tatu usiku, ondoka penye taa za mulika mwizi, chukua darubini ndogo, utafute duara la nyota hafifu kusini mwa mraba wa Pegasus. Ile nyekundu, upande wa mashariki wa duara, ndiyo yenyewe.